Ukinunua ploti Rabai, uliza kwanza minazi ni ya nani

Simu za wateja wangu huja Jumapili jioni. Mtu amepelekwa Rabai, katika Kaunti ya Kilifi, na dalali, ameonyeshwa ploti ya futi 50 kwa 100 yenye upepo mzuri, ametumiwa picha ya hati kwenye simu, na sasa anataka nimpigie hesabu ya nyumba ya vyumba vitatu. Kabla sijataja bei ya mfuko mmoja wa simiti, humuuliza: ile minazi iliyo ndani ni ya nani? Wengi hunyamaza kidogo. Wengine hujibu, "Si yangu? Nimenunua ardhi." Hapo hujua kwamba siku ya kuchimba msingi bado iko mbali.

Mimi ni fundi mwashi. Nimezaliwa Rabai, chini ya misheni, na kwa miaka 26 nimejenga Mazeras, Kokotoni na huku kwetu mlimani. Zamani nilikuwa nikiwajengea wenyeji chumba kimoja kimoja, mwaka huu kuta, mwaka ujao bati. Siku hizi wateja wangu wengi wanafanya kazi Mombasa: bandarini, Changamwe, kwenye maghala ya Miritini, hospitalini, shuleni. Kodi ya mjini imewachosha, nao wanataka kwao, mahali mtoto atacheza uani. Nawakaribisha kwa moyo wote. Lakini nimeziona nyumba zilizoishia kwenye lenta, boriti ya juu ya madirisha, nyasi zimeota sebuleni, kwa ajili ya jambo ambalo lingemalizwa kwa kikao kimoja chini ya mwembe. Kwa hivyo nayaandika hapa yale ninayomweleza kila mteja, ili ukinipigia tuwe tumeshapita hapo.

Safiri kabla ya kulipa

Dalali atakwambia Mombasa si mbali. Siku ya Jumapili mchana utamwamini. Wewe njoo ulale kwa rafiki siku ya Jumapili, na Jumatatu uwe barabarani saa kumi na moja alfajiri kama mtu anayekwenda kazini. Chukua boda mpaka Mazeras, kisha matatu ya Mombasa, na uangalie saa unapofika mlangoni pa kazi. Barabara ile ndiyo inayobeba malori yote ya makontena kutoka bandarini kwenda Nairobi na Uganda; lori moja likilala Jomvu au Miritini, safari yako ya asubuhi imekufa. Fanya hivyo siku tatu, si moja. Piga hesabu ya nauli ya boda na ya matatu kwa mwezi mzima, kwenda na kurudi, uijumlishe na kodi unayodhani umeiokoa.

Halafu rudi mwezi wa tano, masika yakiwa yamekolea. Ploti inayopendeza Januari huenda ikawa mkondo wa maji Mei. Tazama maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi, na kama boda anakubali kukufikisha au anakushusha chini ya mteremko ukamalizie kwa miguu.

Minazi

Kwetu Wamijikenda mtu anaweza kuwa na ardhi bila minazi iliyo juu yake, na mwingine akawa na minazi bila ardhi. Babu alimruhusu jirani apande, minazi ikawa ya jirani. Au mtu alibanwa na mahari, au na ugonjwa wa mtoto, akaweka minazi yake kumi rehani. Ardhi ikabaki kwake, mkopeshaji akawa anaangua nazi mpaka deni lirudi. Madeni mengine hayajarudi hadi leo. Waliokopeshana wamekufa wote, wamebaki watoto wanaokumbuka mnazi kwa mnazi.

Wakili wako atakwambia kwamba kisheria kilichoota juu ya ardhi ni sehemu ya ardhi. Sibishani naye. Lakini ukiingia na msumeno ukaangusha mnazi aliousomeshea mtu watoto wake, karatasi yako haitakusaidia siku unapotafuta mtu wa kukuchotea maji au wa kukuangalizia simiti usiku. Na mwenye mnazi hatakuja na kelele. Atakwenda kwa mzee wa mtaa, kutoka hapo kwa naibu wa chifu, na kazi yako itasimama wiki tatu huku mafundi wanakudai posho.

Kwa hivyo nenda pale saa kumi na mbili asubuhi, ulitazame shina. Mnazi unaogemwa tembo, yaani pombe ya mnazi, umekatwa vidato, pa kukanyagia, kuanzia chini mpaka kwenye makuti. Kidato cha zamani kimejaa kuvu na kingo zake zimekuwa butu. Kidato kinachotumika kina weupe pale nyayo zinapotua, kimelainika kama mpini wa jembe. Ukikiona hicho, jua yupo mtu anayepanda hapo kila siku, ukae umsubiri. Atakuja na kotama yake, kisu cha kugemea, kwenye ala, kiunoni ananing'iniza kibuyu au kidumu cha plastiki. Kule juu karara, ganda la maua ya mnazi, limefungwa na kuinamishwa kidogo kidogo kwa siku nyingi mpaka limekubali kuelekea chini. Atalifungua, atamimina tembo la usiku, kisha atakata ncha kipande chembamba kama ukucha, tone lianze upya. Jioni atarudi tena. Usimwite chini. Akishuka, msalimie vizuri, umuulize habari za nyumbani, ndipo umuulize anamgemea nani. Mgema anajua mambo ya ile ploti kuliko dalali: nani mwenye mnazi, nani alikuwa na rehani, mpaka wa kweli unapita wapi.

Ukishajua, hesabu kila mnazi, kila mwembe, kila mkorosho, utie alama ya chokaa. Idadi iandikwe ndani ya mkataba wa kununua, pamoja na jina la mwenye kila mti ikiwa si muuzaji. Kila mmoja alipwe mwenyewe, mkononi, mbele ya mzee wa mtaa na majirani wawili wanaotia sahihi. Usimpe muuzaji fungu lote eti atawagawia. Nimeona pesa hizo zikiishia njiani.

Na si lazima uikate yote. Mteja wangu mmoja, mwuguzi, aliniomba nisogeze jiko futi nne ili minazi minne ibaki. Alikubaliana na mgema kwamba nazi watagawana na tembo ni la mgema. Sasa mwaka wa sita, mgema hupita mlango wa nyuma kila alfajiri wakati yule mama yuko zamu ya usiku, na nyumba haijawahi kuguswa.

Makaburi

Hili ndilo linalonifanya niandike.

Mwaka 2014 nilikuwa nikichimba shimo la maji taka kwenye ploti iliyouzwa kama shamba tupu. Kijana wangu alikuwa amefika kiunoni, sururu ikagonga jiwe. Mawe kwetu si ajabu, lakini mlio ulikuwa wa bapa. Akapangusa udongo kwa mkono, likatokea jiwe lililolazwa, na ubavuni mwake jingine, na jingine. Mawe ya ardhini hayajipangi hivyo. Nikamwambia atoke shimoni taratibu, asirushe sururu, aiweke.

Nikaenda kwa bibi wa nyumba ya jirani. Alikuja na mkongojo, akasimama ukingoni, hakutazama hata mara mbili. Akasema, "Huyo ni shangazi yake baba. Alizikwa hapo mwaka wa njaa." Muuzaji alikuwa mjukuu wa ukoo uleule, kijana wa miaka 30 aliyekulia Mombasa, hakuwa na habari, wala hakuuliza. Familia ikaitwa. Wazee wakamwaga tembo kidogo na kumsemesha marehemu, mchungaji akasoma sala, tukarudisha udongo kwa mikono. Shimo tukalihamishia pembe ya chini. Mwenye nyumba alipoteza siku nne na gharama ya mbuzi, akashukuru kwamba tulisimama. Mimi nilikaa usiku kucha nikifikiria kwamba sururu ingeweza kupita.

Sisi huzika nyumbani, na makaburi ya zamani hayana saruji wala jina. Yatafute hivi. Tazama sehemu isiyolimwa katikati ya shamba linalolimwa, pale ambapo mahindi yamezunguka kitu na kukiacha. Tazama rundo la mawe lisilo na sababu, au mti mkubwa ulioachwa peke yake wakati mingine yote imekatwa. Halafu waulize wanawake wazee. Vijana hujua bei ya ploti. Bibi aliyeolewa hapo akiwa msichana ndiye anayejua nani amelala wapi.

Kaburi likiwepo, una njia mbili. Mpimaji alikate nje ya ploti yako na bei ipungue, au libaki ndani na mkataba useme wazi kwamba familia ina ruhusa ya kuja kulisafisha na kuomba. Usikubali maneno ya "tutalihamisha." Kufukua mwili kunataka kibali cha serikali, na kunataka ukoo mzima ukubali, na ukoo haukubali kwa sababu ya choo chako.

Karatasi

Hapa nitapita upesi kwa sababu wakili ataeleza vizuri kuliko mimi. Fanya sachi, yaani uchunguzi wa ardhi ni ya nani, kwenye ofisi ya ardhi Kilifi wewe mwenyewe au wakili wako, usiletewe na dalali. Jina kwenye hati likiwa la marehemu babu, mirathi ifunguliwe kwanza, mahakamani au kwa kadhi, kabla hujatoa hata shilingi ya kishika ploti. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini, mauzo hayo hayasimami. Kama pale ndipo familia ya muuzaji inapoishi, mke au mume wake lazima akubali kwa maandishi. Weka akiba ya ushuru wa stempu: asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani, 4 kwa ya mjini.

Ila hesabu moja ni ya fundi, na mawakili huisahau. Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Wauzaji hupenda kuikata ploti nane za 50 kwa 100, ambazo ni 40,000. Zinabaki 3,560 za barabara. Ukizitandaza kwenye urefu wa shamba unapata njia ya upana wa futi 17 hivi. Lori la mchanga linaingia lakini haligeuki, na siku ya moto au ya mgonjwa utalia. Kabla ya kununua, simama kwenye bikoni mbili za mbele, zile alama za mpaka, na upime njia kwa futi kamba.

Misheni na kaya

Watu hupenda kununua Rabai kwa sababu ya jina lake, na wana haki. Krapf na Rebmann, wamisionari kutoka Ujerumani, walihamia hapa mwaka 1846. Kutoka mlima huu Rebmann alitembea kuelekea bara mpaka akauona Kilimanjaro mwaka 1848, akaandika kuna theluji, Ulaya wakamkatalia. Krapf ndiye yule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Nyumba zao bado zimesimama, na kanisa la Mtakatifu Paulo la mwaka 1887 bado linapigiwa kengele. Baadaye hapa palikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Mwanzoni mwa 1889 wengi wao walilipiwa fidia, wakapewa vyeti vya uhuru. Wako majirani zako watakaokwambia babu yao alikuja hivyo. Wasikilize, na usiwaulize kwa udadisi wa mtalii. Ploti ikiwa karibu na misheni, uliza pia mpaka wa ardhi ya kanisa, uonyeshwe kwenye ramani na kwa miguu.

Juu ya hayo yote iko kaya, makazi ya kale ya Wamijikenda ndani ya msitu mtakatifu, ambayo ni ya zamani kuliko misheni. Kaya yetu kuu inaitwa Mudzimuvya, maana yake mji mpya. Kila nikipita kwenye mabango ya ploti yanayotangaza mtaa mpya, hulikumbuka jina hilo. Msitu huo ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Huingii bila wazee wa kaya. Ukiruhusiwa, unavua viatu, unajifunga shuka, hupigi picha mpaka uambiwe, huvunji hata kijiti kikavu.

Kwa anayejenga, hatari iko kwa vibarua. Jukwaa linataka miti mirefu iliyonyooka, na kibarua anayetaka kuokoa pesa yako atatazama msituni. Mkataze siku ya kwanza, mbele ya wenzake. Nunua mivinje kwa watu wanaoipanda. Inanyooka vizuri na utaitumia nyumba mbili. Kuni za kupikia vibarua pia zinunuliwe. Ikiwa ploti inagusa msitu, pata maelezo ya mpaka kwa wazee wa kaya na kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kuchora ramani, kwa sababu kaya zinalindwa kisheria. Na ukichimba ukakuta vigae vya kale, shanga au ukuta uliofukiwa, simamisha kazi na uwape habari Makumbusho. Sheria ya 2006 inataka hivyo. Mtu akikuletea mawe ya kale ya bei rahisi, mwulize ameyatoa wapi, na asipokujibu vizuri usiyapokee.

Jiwe, upepo na maji

Tuna jiwe letu, la Mazeras, la rangi ya mchanga na kutu, linapasuka bapa. Limetandikwa nyua za mahoteli na njia za bustani nchi nzima, na wewe unalipata mlangoni. Litandike barazani na uani, si sebuleni ambapo utahangaika kulipiga deki. Chagua vipande kwa kuvigonga: kinacholia kama sahani ni kizima, kinachofanya mlio wa mkate kina ufa ndani.

Nyumba za zamani za misheni zina kuta nene na baraza. Kuta nene hutaziweza kwa bei ya leo, lakini baraza unaiweza. Elekeza madirisha ya kulala upate kusi na kaskazi, pepo zote mbili, utalala bila feni miezi mingi.

Maji ya bomba la Mzima huja mpaka matangi ya Mazeras tangu miaka ya 1950, ila kupanda kwake mlimani hadi kwako ni habari nyingine. Usijenge bila mifereji ya bati na tangi. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10, ni lita 1,000. Mvua moja nzuri ya masika hujaza tangi ambalo ungelilipia bowza, lori la maji. Na tangi la kwanza liwekwe kabla ya msingi, kwa sababu simiti nayo hunywa.

Ukuta

Kila mteja anataka ukuta, nami nautetea, kwa sababu wewe una watoto na mali. Ila kabla hujaufunga, tazama ardhini. Kuna kijia cheusi kilichoshindiliwa na miguu, kinakatiza pembe ya ploti yako. Hicho ndicho majirani wanachopitia kwenda kisimani, kanisani, shuleni, pengine kwa miaka 100. Hakimo kwenye ramani. Ukikiziba, watoto watazunguka kupitia barabara ya malori, na jina lako litatajwa vibaya kila asubuhi na watu ambao hujawahi kuonana nao. Rudisha ukuta ndani futi tano upande huo. Mimi hupunguza gharama za mwenye kukubali hili, kwa sababu nami nilikwenda shule kwa kijia kama hicho.

Na kukiwa na matanga kwa jirani, nenda, hata kama umetoka kazini saa tatu usiku. Kaa nusu saa kwenye mkeka, toa mchango wako, uandikwe jina.

Ukiwa tayari kujenga, usinitumie picha ya hati. Njoo siku ya kazi, asubuhi na mapema, tuonane pale kwenye ploti wakati mgema bado yuko juu, tumsubiri ashuke.